Barua Niliyoifuata kwa Baiskeli

Juzi alikuja kijana mmoja hapa kwangu Tabata, fomu mkononi, jasho linamchuruzika. Alinipa shikamoo ya haraka haraka, nikaitikia, akaniambia kwamba anaomba chuo na fomu inadai barua ya mwalimu anayemfahamu. Mwisho wa kuipeleka ni kesho. Mwalimu wake amesafiri, na mtu amemwambia kuna mzee mtaa wa pili, mwalimu mstaafu, bingwa wa barua hizo.

"Nikuandikie nini?" nikamuuliza.

"Andika tu, babu, kwamba mie ni kijana mzuri."

"Mzuri kwa lipi?"

Akafikiri kidogo. "Kwa kila kitu."

Nilimpa maji ya kunywa, nikamrudishia fomu yake. Aliondoka amenuna, na sina shaka ananisema huko mtaani kwamba mzee ana roho mbaya. Lakini tangu siku hiyo nimekuwa nikimfikiria, na ndiyo maana nimechukua kalamu. Nimefundisha zaidi ya miaka thelathini. Barua za kuwaombea wanafunzi nafasi vyuoni nimeandika nyingi, nyingine nzuri, nyingine za hovyo, na moja ambayo hadi leo nikiikumbuka naona aibu. Nyie vijana mnadhani barua hiyo inaanza siku mnayokuja kuiomba. Ngojeni niwaeleze.

Nilianza kazi Temeke miaka michache baada ya vita vya Hitla, Mwingereza bado ametawala na haonyeshi dalili yoyote ya kufungasha. Temeke ya siku zile ilikuwa na minazi mingi kuliko nyumba. Mie Mnyamwezi, nimeshuka kwenye treni na sanduku la bati na cheti cha ualimu, na watu wa pwani walikuwa wakinicheka namna ninavyotamka maneno. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, kwa hiyo kuchekwa kwenyewe kulikuwa halali, sikuwa na pa kushtaki.

Mwalimu Mkuu wetu alikuwa Mzee Lazaro, Mpare mrefu, mtu wa maneno machache, aliyekuwa akikagua hata vipande vya chaki tulivyobakiza. Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha darasa la nane aliniambia niwaandikie barua wanafunzi wanne waliokuwa wakiomba vyuo. Niliziandika zote kwa saa moja, kwa mwandiko wa kupendeza. Kesho yake akaniita ofisini. Barua zangu nne alikuwa amezipanga mezani kwa mstari.

"Festo," akasema, "hawa ni watoto wanne, au ni mtoto mmoja mwenye nguo nne?"

Nikaziangalia. Kila moja ilisema: ana bidii, ana adabu, ni msafi.

"Msafi," akasema Mzee Lazaro. "Hata sahani ni safi. Chuo kinatafuta sahani?"

Akaniuliza kuhusu mmoja wao, Saidi, kitu gani nimewahi kumwona akikifanya kwa macho yangu. Nikafikiri, nikakumbuka kwamba siku moja mvua kubwa ilianza baada ya shule kufungwa, na Saidi, aliyekuwa ameshafika barabarani, akarudi mbio peke yake kuja kuondoa vitabu chini ya paa linalovuja. Hakutumwa na mtu, na kesho yake hakusema. Nilijua kwa sababu nilikuwa nimebaki ofisini nikisahihisha madaftari.

"Hilo umeliandika wapi?"

"Sijaliandika, Mwalimu Mkuu."

"Basi chuo hakimjui Saidi. Kinakujua wewe tu, kwamba ni mvivu."

Niliziandika upya zote, na safari hii kazi ilinichukua siku tatu. Tangu hapo nikawa na kidaftari kidogo katika mfuko wa shati. Nikiona kitu naandika: fulani kamsaidia mwenzake hesabu bila kumpa jibu, fulani kakiri kuvunja kioo kabla ya kuulizwa, fulani kapata sifuri ya sayansi na kesho yake kaja na maswali matano. Hiyo sifuri iliingia kwenye barua, na mtoto akapata chuo. Mnashangaa? Anayesoma barua hizo anapokea rundo zima la malaika. Akikutana na mtoto aliyewahi kupata sifuri akaamka, anasimama hapo.

Kwa hiyo la kwanza ninalowaambia ni hili: mpe mwalimu kitu cha kuona. Huwezi kukaa kimya nyuma ya darasa miaka miwili halafu utake mtu ashuhudie. Na ukienda kuomba, nenda mapema, umkumbushe mambo yako, umpelekee madaftari yako ya zamani, hata yenye wino mwekundu. Mwambie chuo chenyewe ni cha nini. Kuna mwaka nilimsifu kijana mmoja ukurasa mzima kwa kuimba, kumbe anaomba mambo ya udaktari wa mifugo.

Na zawadi msipeleke. Baba mmoja wa Mbagala aliniletea jogoo siku niliyokuwa naandika barua ya mwanawe. Nikamfunga kwenye mguu wa meza, nikaenda darasani. Mzee Lazaro akapita, akamsikia anawika ofisini. Hakuuliza wa nani. Alisema tu, "Huyo mwanafunzi mpya arudi kwao leo." Nilimpeleka kwa baiskeli hadi Mbagala, jogoo kwenye kikapu cha mbele, njia nzima anawika na watu wananiuliza ni saa ngapi. Mtoto mwenyewe alikuwa hodari, barua yake ilikuwa nzuri tangu mwanzo. Baba yake alinidhalilisha mimi, na alimdhalilisha mwanawe zaidi.

Sasa nije kwa Mwanaidi.

Mwanaidi alikuwa binti wa Kizaramo, akitoka kule njia ya Mbagala kwa miguu kila siku. Darasa la nane siku hizo lilikuwa na wasichana wa kuhesabu kwa vidole. Mama yake, Bi Tatu, mjane, alikuwa akisuka mikeka na kuiuza sokoni Temeke, na alikuwa mtani wangu mkubwa. Binti mwenyewe hakuwa na utani. Alikuwa anakaa mbele, macho makavu, na ukimuuliza swali anakujibu hilo hilo ulilouliza, si zaidi na si pungufu.

Mwaka ule tulipata habari kwamba mkaguzi wa shule atakuja Alhamisi. Mzungu huyo alikuwa na sifa ya ukali, na mimi nilikuwa nategemea taarifa yake ili nipandishwe daraja. Nikafanya walichokuwa wakifanya walimu wengi wakati ule, ingawa hakuna aliyekuwa akikitaja. Nilichagua somo moja, jinsi upepo wa pwani unavyovuma mchana kutoka baharini na usiku kutoka nchi kavu, nikaandaa maswali kumi, nikagawa majibu. Wewe la kwanza, wewe la pili. Tukalirudia Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Darasa likawa linajibu hata kabla sijamaliza kuuliza, ikabidi niwafundishe pia kujifanya wanafikiri.

Alhamisi mkaguzi akaja, kaptura imenyooshwa pasi, akakaa nyuma. Nikaanza. Mikono ilipanda juu yote. Majibu yalikuwa yanatoka moja baada ya jingine, matamu, na nilimwona mzungu anatikisa kichwa kwa kuridhika. Tulipofika swali la sita akasimama, akaja mbele, akainama kwa Mwanaidi aliyekuwa karibu yake.

"Vizuri sana," akasema kwa Kiswahili chake. "Somo hili mmeanza kusoma lini?"

"Jumatatu, bwana," akasema Mwanaidi. "Tunalirudia kila siku. Mie jibu langu ni la saba, bado hatujalifikia."

Mnacheka. Siku hiyo hakucheka mtu. Mkaguzi alifungua daftari lake akaandika muda mrefu sana, na mimi nikasimama na kipande cha chaki mkononi kama mtu aliyeshikwa na kuku wa jirani. Daraja langu likachelewa. Alipoondoka nilimwita Mwanaidi mbele ya meza yangu.

"Kwa nini ulisema?"

"Aliniuliza, Mwalimu."

Hakuwa anajibu kwa ujeuri. Alikuwa ananieleza sababu. Laiti ingekuwa ujeuri, ningejua la kufanya. Sikumchapa, lakini nilimnunia mwaka mzima. Nilikuwa simwiti jina. Akiniamkia naitikia huku naangalia ukutani. Mtu mzima na mke na mtoto, nagombana kimoyomoyo na msichana wa miaka kumi na tano.

Jambo moja tu liliniokoa, nalo halikutoka kwenye wema wangu. Mzee Lazaro alikuwa ametuzoesha kusahihisha madaftari kwa kufunika jina kwa karatasi, hadi umalize kutoa alama. Mwanzoni niliona ni upuuzi wa mzee. Mwaka ule nilikuwa nikifunua karatasi na kukuta jina la Mwanaidi juu ya alama za kwanza, na siwezi kuzifuta. Nilikuwa naudhika kweli.

Ilipofika wakati wa kuomba vyuo, Mwanaidi akataka chuo cha ualimu cha wasichana, kule bara. Kwa jimbo letu lote nafasi zilikuwa chache mno. Masharti yalisema aende mjini siku ya Jumamosi kuonana na mkuu wa chuo, na awe na barua ya siri ya mwalimu. Barua ya siri siku hizo ilikuwa hivi: mwalimu anaandika, anaikunja, anaitia kwenye bahasha ya kaki, anayeyusha lakiri, ile nta nyekundu ya kuzibia, juu ya mfuniko na kupiga muhuri wa shule. Kisha anamkabidhi mwanafunzi mwenyewe aibebe. Lakiri ikionekana imepasuka, jina linakatwa. Kwa hiyo mtoto alikuwa anabeba maneno yanayomhusu yeye, asijue ni asali au ni shubiri.

Alikuja kwangu mwenyewe kuniomba. Nilishangaa, kwa sababu Mzee Lazaro alikuwa anampenda na angemwandikia kwa furaha. "Nakuomba wewe, Mwalimu," akasema. Nikasema sawa.

Bi Tatu naye akanifuata siku ile ile, na kwa mara ya kwanza tangu tujuane hakunitania. Aliniambia, "Mwalimu, kuna watu wamekuja kumposa, nimewarudisha. Shemeji zangu wamenijia juu. Nimewaambia ngojeni barua ya chuo. Akikosa, mie sina tena mdomo wa kurudisha watu." Hiyo ndiyo ilikuwa hali. Nilikuwa naijua yote nilipokaa kuandika.

Niliandika hivi: Ana akili. Hana utii. Huwaaibisha wakubwa wake mbele ya wageni, na chuo kitapata taabu naye.

Basi. Sikuongeza uongo hata mmoja. Nilijiambia Mzee Lazaro amenifundisha kuandika nilichokiona kwa macho, na mimi nimekiona. Nikayeyusha lakiri, nikapiga muhuri. Ijumaa nikamkabidhi Mwanaidi bahasha. Aliipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama wanavyofanya watoto wa kwao, akaifunga ndani ya kanga ili isipate vumbi. Nilimwona akienda nayo kwa uangalifu, na moyo ukanichoma kidogo, lakini nikaupuuza.

Jumamosi asubuhi nilikwenda sokoni kununua samaki. Bi Tatu alikuwa amekaa na mikeka yake, amechangamka.

"Mnyamwezi! Leo mjini wanasoma mwandiko wako. Umeandika Kiingereza au kile cha kwenu cha porini?"

Nikacheka kidogo. Nikamuuliza, kama mtu anayeuliza bei ya mkeka, kwa nini binti yake hakwenda kwa Mwalimu Mkuu.

"Hata mie nilimwambia aende huko," akasema. "Akakataa. Kasema, 'Mwalimu Mkuu ananipenda tu. Mwalimu Festo kaninunia mwaka mzima, na daftari langu bado analisahihisha kwa haki.' Kasema mtu wa hivyo akisema neno, neno lake litaaminiwa."

Nilisimama pale na samaki mkononi. Wanangu, nimefiwa, nimeugua, nimefanya makosa mengine makubwa, lakini aibu kama ile sijaipata tena. Yule mtoto aliona haki yangu, kumbe ni kipande cha karatasi cha Mzee Lazaro. Na pale ambapo hapakuwa na karatasi ya kufunika jina, nilikuwa nimefanya nini?

"Nishikie hawa," nikamwambia Bi Tatu, nikamwachia samaki, nikapanda baiskeli.

Kutoka Temeke hadi mjini si mbali kwa mtu mwenye moyo mweupe. Mimi niliona sifiki. Karibu na Gerezani mnyororo ukachomoka, nikaurudisha kwa mikono, ukachomoka tena, nikaurudisha. Nilipofika kwenye jengo lenyewe mikono ilikuwa myeusi kwa grisi hadi viwiko, shati jeupe lina alama za vidole kifuani. Barazani wasichana walikuwa wamekaa kwenye benchi chini ya dirisha, Mwanaidi akiwa wa tatu. Karani wa mlangoni, kijana wa tai, akaninyooshea mkono.

"Mzee, una miadi?"

"Sina. Nina kosa."

Nadhani alidhani nina wazimu, maana alinipisha.

Ndani alikuwemo mkuu wa chuo, bibi wa kizungu wa makamo, nywele kaziviringa nyuma, na Kiswahili chake kilikuwa cha bara, cha pole pole. Bahasha zilikuwa mbele yake. Ya Mwanaidi ilikuwa juu, lakiri imeshavunjwa.

Nikajitaja. Nikamwambia nimekuja kuomba barua yangu inirudie.

"Barua haitoki tena," akasema. "Kuna uongo ndani yake?"

Swali hilo sikulitegemea. Nilitaka kusema ndiyo, ingekuwa rahisi.

"Kila neno ni la kweli, Bibi," nikasema, "lakini barua nzima ni ya uongo."

Akaweka kalamu chini. Nikamweleza. Nilimweleza habari za upepo wa pwani, maswali kumi, jibu la saba, mkaguzi na daftari lake, namna nilivyonuna mwaka mzima, hata mnyororo wa baiskeli uliochomoka njiani. Nikamwambia kwamba mtoto huyu hajui kusema uongo hata pale ambapo darasa zima na mwalimu wake wanamwonyesha namna ya kuusema. Nikamwambia aliyeaibisha shule siku ile ni mimi. Nilikuwa naongea kwa sauti kubwa kuliko nilivyodhani, na nadhani machozi yalinitoka, sina haja ya kuwaficha.

Hakunihurumia wala hakunikaripia. Alinisogezea karatasi, kalamu na wino.

"Kaa. Andika hayo."

Niliandika palepale, kwa vidole vile vichafu, na kila nilipogusa karatasi nikaacha alama. Mimi niliyekuwa nikisifu watoto kwa usafi. Nilipomaliza nikamwomba aichane ile ya kwanza. Akakataa.

"Zitakaa zote mbili kwenye jalada," akasema. "Ya kwanza inanieleza habari zako, ya pili inanieleza habari zake. Sasa toka, nimwite."

Barazani Mwanaidi akasimama. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nimepita tu," nikasema. "Nilikuwa na shughuli mjini."

Aliniangalia mikono. "Ahsante, Mwalimu," akasema.

Njia nzima ya kurudi nilijiuliza ananishukuru kwa lipi, mtu aliyepita tu.

Baada ya wiki kadhaa majina yakaja, na lake lilikuwemo. Mzee Lazaro alinisomea, akaongeza kwamba barua zangu zimenoga siku hizi. Nikamwambia yote. Akasema tu nimuonyeshe mnyororo wa baiskeli, akautengeneza mwenyewe kwa mikono yake. Bi Tatu alilia sokoni mbele za watu, akanikumbatia, kisha akakumbuka utani wake akaniambia, "Samaki wako walioza, Mnyamwezi. Nimewapa paka, na paka kakataa."

Ningeweza kuishia hapo, lakini kisa kilikuwa bado kinanidai.

Miaka ilikwenda. Mwanaidi alimaliza chuo, akafundisha kwingine kidogo, kisha akaletwa shule ile ile ya Temeke, Mwalimu Mwanaidi sasa, viatu vya kamba na saa ya mkono. Mzee Lazaro alikuwa amestaafu. Mwingereza alikuwa bado yupo, ingawa sasa watu walikuwa wanamsema wazi. Mimi nikaamua kuomba mafunzo ya ualimu mkuu. Umri ulikuwa unanitupa mkono, na ikiwa nisingepata mwaka ule nisingepata tena. Masharti yalidai barua ya siri ya mwalimu ninayefanya naye kazi.

Nilikuwa na rafiki yangu shuleni ambaye angeniandikia mimi ni malaika. Nilimfikiria siku mbili. Kisha nikamwendea Mwanaidi, kwa sababu siwezi kuwafundisha watu jambo maisha yangu yote halafu zamu yangu ikifika nikalikimbia. Nyie pia, mkimtafuta mtu wa kuwashuhudia, mwendeeni yule aliyewaona mkiteleza. Anayekupenda tu, chuo kinamjua tangu sentensi ya kwanza.

"Nitaandika ninachokijua, Mwalimu," akasema.

"Ndicho ninachoomba," nikasema.

Alikaa na kazi hiyo wiki nzima. Kisha akanikabidhi bahasha ya kaki yenye lakiri nyekundu. Na mimi, mtu mzima, nikaipokea kwa mikono miwili.

Siku ya usaili niliibeba hadi mjini. Nawaambia ukweli: nilisimama Kariakoo nikaiinua kwenye jua nijaribu kuona chochote. Sikuona kitu. Nikapitisha kucha kwenye ukingo wa lakiri, nikaiondoa kucha. Ndipo nilipomkumbuka yule msichana akiifunga barua yangu ndani ya kanga isipate vumbi, na nikajua kwa mara ya kwanza nilimbebesha nini. Niliendelea na safari polepole sana.

Mkuu wa mafunzo alivunja lakiri mbele yangu. Akasoma, nyusi zikapanda.

"Ni kweli uliwahi kufundisha somo moja siku tatu ili kumdanganya mkaguzi?"

"Ni kweli, bwana."

Akarudi kwenye karatasi. Nilikuwa nasikia saa ya ukutani. Nilijisemea, haya, umevuna. Kisha akasema ile sehemu ya mwisho atanisomea, kwa sababu katika barua zote alizopokea hajaona kama hiyo.

Akasoma: "Mwalimu Festo hukosea. Lakini akikosea huja mwenyewe kusema, hata kama ni kwa baiskeli inayochomoka mnyororo, na hata kama aliyemkosea hajui kwamba amekosewa. Nimefanya kazi chini ya watu ambao hawakosei kamwe, na sitaki kurudi kwao."

Nafasi nilipata. Lakini njia nzima ya kurudi Temeke sikuwa nafikiria nafasi. Nilimkuta Mwanaidi darasani anafuta ubao, watoto wameshakwenda.

"Mwanaidi," nikamwambia, "siku ile mjini, ulijuaje?"

Akaendelea kufuta ubao hadi mwisho, akaweka kifutio mahali pake.

"Dirisha lilikuwa wazi, Mwalimu. Sie tuliokaa kwenye benchi tulisikia yote."

"Na ukakaa kimya miaka yote hii?"

"Hukuniuliza," akasema.